Kupimwa kwa Samaki: Habari za Sumu, Maabara na Tijara ya Ziwa Viktoria

Tangu watu wa pwani na wa maziwa walipoanza kuuziana samaki, hukumu ya ubora wa samaki ilikuwa mikononi mwa mnunuzi mwenyewe, naye aliitoa pale pale mwaloni au sokoni: alifunua matamvua akatazama kama damu ingali nyekundu, akabonyeza mnofu kwa kidole akangoja kuona kama utarudi, akaangalia jicho kama linang'aa au limekwisha kuzama, akanusa, na baada ya hayo yote ndipo alipotaja bei. Hukumu hiyo ilitosha kwa karne nyingi, kwa sababu hatari iliyohofiwa ilikuwa uozo, na uozo haujifichi. Na kwa wale samaki wachache wenye sumu ya maumbile yao, mfano wa bunju, wazee waliwafundisha watoto sura zao mapema ili asiwepo wa kudanganyika. Karne ya ishirini ilileta hatari ya jinsi nyingine, isiyo na rangi wala harufu wala ladha, ambayo samaki aliyeibeba huweza kuwa na matamvua mekundu na jicho angavu kuliko wenzake. Ili hatari hiyo ijulikane, ilibidi hukumu itoke kwenye kidole cha mnunuzi iingie katika chombo cha maabara. Na ilipokwisha kuingia humo, ikawa ni mali ya mwenye chombo. Makala hii yaeleza jinsi mambo hayo yalivyotukia, hususan katika Ziwa Viktoria, na ni nani aliyepata hifadhi katika hukumu hiyo mpya na nani aliyebaki nje yake.

Sumu katika uvuvi si jambo geni kwetu. Kabla ya kuja dawa za madukani ulikuwapo utupa, ambao majani yake hutwangwa na kutiwa katika madimbwi ya maji kupwa au katika mito isiyo na kasi, na baada ya muda mfupi samaki hulewa, huelea ubavu juu, huokotwa kwa mikono. Nguvu ya utupa hutoka katika kitu ambacho wanakemia hukiita rotenoni, nacho huuzuia mwili wa samaki usiweze kuitumia hewa ivutwayo na matamvua; lakini jua na joto hukivunja kitu hicho upesi, na moto wa jikoni humaliza kilichosalia, kiasi kwamba mlaji aghalabu hakupata dhara. Sheria za uvuvi za nchi zetu zilipokataza sumu, zikaiweka safu moja na baruti, sababu yake ilikuwa kwamba vitu hivyo huua wachanga pamoja na wazima na kuacha maji matupu. Haikuwa kwa kumhofia mlaji. Hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba iko siku mnofu wenyewe utachukuliwa, usagwe, uchunguzwe, na kuulizwa habari za kila kitu ambacho samaki alikutana nacho katika maisha yake.

Siku hiyo ilisogezwa karibu na DDT. Paul Müller wa Uswisi aligundua mwaka 1939 jinsi dawa hiyo inavyoua wadudu, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1948, na katika muda usiozidi miaka kumi ilikuwa imekwisha kuenea duniani kote, ikipuliziwa majumbani kwa ajili ya mbu, mashambani kwa ajili ya viwavi, na mitoni kwa ajili ya inzi waletao upofu. Afrika Mashariki haikuwa nyuma: katika bonde la Kodera, Nyanza, mito ilitiwa DDT katika miaka ya 1940, na katika miaka ya 1950 dawa hiyo hiyo ilimiminwa katika Mto Nili pale Jinja, mji ambao tangu mwaka 1947 ulikuwa na kituo cha utafiti wa samaki wa maji baridi kwa nchi zote za Afrika Mashariki. Hapana haja ya kuwalaumu waliofanya hivyo, maana upofu ulikuwa msiba mkubwa na dawa ilionekana kuwa rehema; ila ni dhahiri kwamba kwa wakati ule hakijazuliwa bado chombo chepesi cha kuonyesha ni kiasi gani cha dawa kilichobaki katika mwili wa samaki baada ya inzi kufa.

Onyo la kwanza kubwa lilitoka mbali, katika ziwa moja la Kalifornia liitwalo Clear Lake. Wakazi wa huko walisumbuliwa na visubi, na kuanzia mwaka 1949 maji yalitiwa DDD, ndugu ya DDT, kwa kipimo kidogo mno: sehemu moja ya dawa kwa sehemu milioni 70 za maji. Visubi wakapungua, kisha wakarudi, na mwaka 1954 dawa ikatiwa tena kwa nguvu zaidi. Baadaye ndege walao samaki wakaanza kufa kwa makundi, na mafuta ya miili yao yalipopimwa yalikutwa na sehemu 1,600 za dawa katika milioni. Dawa ilikuwa imepanda daraja kwa daraja, kutoka vijiumbe vya majini hadi samaki mdogo, kutoka mdogo hadi mkubwa, na kutoka samaki hadi ndege. Kila mlaji alirithi sumu ya wote aliowala, kwa kuwa dawa za aina hiyo haziyeyuki katika maji bali katika mafuta, na mwili hauzitoi ila kwa taabu, mfano wa deni la dukani linaloandikwa kila siku na halilipwi. Rachel Carson alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1962, na tangu hapo ikafahamika kwamba usafi wa maji si dalili ya kutosha ya usalama wa samaki.

Wakati huo huo Ujapani ilikuwa katika msiba uliozidi huo. Katika mji wa Minamata kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga zebaki katika ghuba tangu mwaka 1932, na zebaki hiyo iliingia katika samaki na kombe ambao ndio kitoweo cha kila siku cha wavuvi maskini wa pale. Paka walitangulia kuugua, wakizunguka na kuruka kama wenye wazimu. Kisha watoto wakapoteza nguvu za miguu, na watu wazima wakapoteza kauli na nuru ya macho. Tabibu Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kiwanda chenyewe, alipeleka taarifa ya maradhi hayo tarehe 1 Mei 1956. Mwaka 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitamka kwamba kisababishi ni zebaki, na mwaka huo huo Hosokawa alimlisha paka mmoja taka za kiwanda, paka akaugua maradhi yale yale; lakini kampuni ilimzuia asiendelee, na serikali haikukiri rasmi hadi Septemba 1968. Funzo la Minamata lina pande mbili, na upande wa pili husahauliwa. Wa kwanza ni kwamba samaki mwenye sura njema huweza kuua. Wa pili ni kwamba walioumia ni wale waliokula samaki wengi zaidi kwa kuwa hawakuwa na chakula kingine, nao ndio walioaminiwa nyuma ya watu wote.

Hapana budi sasa kueleza chombo chenyewe, kwani bila ya kukifahamu habari zinazofuata zitakuwa kitendawili. Mwaka 1952 Waingereza wawili, James na Martin, walionyesha jinsi mchanganyiko wa vitu unavyoweza kutenganishwa kwa kupitishwa, ukiwa umegeuzwa mvuke, ndani ya mrija mwembamba mrefu, kila kitu kikatoka mwishoni kwa wakati wake; na mwaka 1957 James Lovelock akazua kigunduzi cha kuwekwa mwisho wa mrija ule, chenye uwezo wa kuzihisi dawa za jamii ya DDT hata zikiwa kidogo kuliko mtu awezavyo kudhani. Mpimaji humchuna samaki ngozi, hukata mnofu nyuma ya kichwa hadi mkiani, huusaga hata usiwe na nyuzi, hupima gramu chache kwa mizani ya kioo, huuchanganya na vimiminika vya kunyonya mafuta, huyachuja mafuta hayo yapate kuachana na dawa, huvukiza kimiminika hata kibaki kitone, na kitone hicho ndicho kinachodungwa katika mtambo kwa sindano nyembamba. Karatasini hutokea mstari wenye vilima. Wakati wa kutokea kilima humwambia jina la sumu, na ukubwa wa kilima humwambia kiasi chake. Kazi hii hula siku nzima au zaidi kwa sampuli chache, hutaka umeme usiokatika, gesi safi, na vipande vya sumu halisi vya kulinganishia ambavyo hununuliwa kwa bei ghali. Na kosa la mpimaji mwenye chupa isiyooshwa vema huweza kumtia hatiani samaki asiye na hatia.

Ujuzi ulipopatikana, sheria ilifuata, ila kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 1970 Bruce McDuffie, mwalimu wa kemia katika chuo kikuu cha Binghamton, New York, alipima jodari wa kopo akakuta zebaki imepita kiwango cha Marekani cha wakati ule, ambacho ni sehemu nusu katika milioni, na kabla ya mwaka kwisha makopo mengi yakaamriwa kuondolewa madukani. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoanza vikao vyake mwaka 1963 chini ya FAO na Shirika la Afya Duniani, ilikuwa ikiandika viwango vya mataifa yote. Ulaya nayo ilitoa mwaka 1991 kanuni ya kukagua mazao ya uvuvi, iliyowabana wenye viwanda wajichunguze wenyewe katika kila hatua yenye hatari, kwa utaratibu uliobuniwa kwanza na kampuni ya Pillsbury na shirika la NASA kwa ajili ya chakula cha wanaanga. Na mwaka 1996 ikatoa kanuni nyingine juu ya mabaki ya dawa katika wanyama wafugwao, na samaki wafugwao wakiwemo. Maana ya kanuni hizo kwa nchi iuzayo ilikuwa nyepesi kusema na nzito kutekeleza: haitoshi samaki wako awe salama, sharti uwe na serikali yenye mamlaka, wakaguzi na maabara za kuthibitisha kwamba yu salama.

Ziwa Viktoria liliikuta sheria hiyo likiwa katika mwaka wake wa neema. Sangara, ambaye Kenya humwita mbuta na Uganda mputa, aliletwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa kimya kwa muda, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa wingi usio na kifani, akiwala furu na samaki wengine wa asili. Viwanda vya minofu vikajengwa Kisumu, kisha Kampala na Jinja, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mwanza na Musoma; ndege za mizigo zikapakia minofu mibichi katika barafu, na mtu wa Madrid au Rotterdam akamla leo samaki aliyevuliwa juzi katika visiwa vya Ukerewe. Fedha za kigeni ziliingia, bei ya samaki mwaloni ikapanda, na uhai wa maelfu ya wavuvi, wachuuzi na wafanyakazi wa viwandani ukafungamana na uamuzi wa maofisi ambayo hawajapata kuyaona.

Uamuzi wa kwanza haukuhusu sumu bali vijidudu. Mwishoni mwa mwaka 1996 Hispania na Italia zililalamika kwamba minofu ya ziwa imekutwa na vijidudu vya salmonela. Mwishoni mwa mwaka 1997, mvua za El Niño zilipoleta kipindupindu katika nchi zetu, Umoja wa Ulaya ukakataza samaki wabichi wa Kenya, Tanzania, Uganda na Msumbiji, ijapokuwa Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba biashara ya chakula kati ya mataifa haikuwa imethibitishwa kuwa chanzo cha mlipuko wa kipindupindu, na kwamba samaki akipikwa kijidudu chake hufa. Katazo hilo liliondolewa katikati ya mwaka 1998. Wenye viwanda wakapumua, wakidhani kwamba mtihani umekwisha.

Mtihani mkubwa ulikuwa haujaja. Katika vijiji kadhaa vya mwambao wa ziwa ulikuwa umezuka uvuvi wa aibu: mtu hununua dawa ya kuulia wadudu wa pamba na mboga, aghalabu endosalfani ambayo wengi waliijua kwa jina la dukani la Thiodan, akaimwaga usiku katika ghuba tulivu, na alfajiri akaokota samaki waliokwisha kuelea. Aliyefanya hivyo hakuhitaji nyavu wala mtumbwi wa injini wala watu wa kugawana nao, na chupa moja ya dawa ilimpa mapato ambayo mwenzake mwenye nyavu aliyatafuta kwa siku kadhaa. Hapa ndipo ilipodhihiri tofauti ya utupa na dawa ya kisasa, kwani hii haivunjwi upesi na jua wala haiondolewi na moto wa jikoni, na humfuata samaki hadi sahanini. Habari za watu kudhurika zilipoenea Uganda mwanzoni mwa mwaka 1999, serikali ya nchi hiyo yenyewe ilisimamisha uuzaji wa samaki nje mwezi wa Machi, kwa matumaini kwamba hadhari hiyo ingewaridhisha wanunuzi. Lakini mwezi wa Aprili Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa Ziwa Viktoria wote, wa Uganda, wa Kenya na wa Tanzania sawasawa. Methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza huoza wote haikupata kutumika kwa ukali wa kiserikali kama ilivyotumika mwaka huo, ila kwa tofauti moja: safari hii hapana aliyekuwa amemwonyesha yule samaki mmoja akiwa juu ya mizani.

Jambo hilo lataka kuangaliwa kwa insafu. Ulaya haikusema kwamba minofu iliyofika bandarini mwake imepimwa ikakutwa na sumu kupita kiasi. Ilisema kwamba nchi hizi hazina njia ya kuthibitisha kwamba haina. Na kusema kweli hazikuwa nayo. Mitambo ya kupima mabaki ya viuatilifu ilikuwa michache, mingine imekaa bila vipuri, na matokeo yake hayakuwa na hati inayotambuliwa ng'ambo. Kwa hiyo sampuli za maji, za matope ya chini ya ziwa na za minofu zilifungwa katika barafu zikasafirishwa nje, kwa gharama kubwa, zikapimwe na watu wengine. Majibu yalipokuja hayakuonyesha mabaki yaliyovuka mipaka iliyowekwa. Ziwa lenye ukubwa wa kilometa za mraba karibu 69,000 halitiwi sumu lote kwa chupa zilizomwagwa katika ghuba, na sangara anayekamatwa kwa nyavu katika maji marefu si yule anayeokotwa ukingoni. Hata hivyo majibu peke yake hayakufungua mlango. Mlango ulifunguliwa kwa kila nchi kwa wakati wake, kwa kadiri wakaguzi walivyoridhika na sheria zake, ofisi zake na mpango wake wa kupima: Tanzania mapema mwaka 2000, Uganda katikati ya mwaka huo, na Kenya mwishoni mwake. Samaki ni wale wale, maji ni yale yale yasiyojua mpaka, na tofauti ya miezi iliyowatenga ilikuwa tofauti ya makaratasi.

Wako wanaoliona jambo hilo kuwa dhuluma tupu, na wako wanaoliona kuwa baraka iliyokuja na kiboko. Kila upande una haki ya kusikilizwa, kwani hasara ya mwaka 1999 iliwaangukia zaidi wavuvi ambao hawakushika sumu mkononi, ilhali faida zilizofuata ni za yakini. Maabara ya serikali ya kudhibiti ubora wa samaki pale Nyegezi, Mwanza, ilipata nguvu. Kampala ikapata maabara binafsi yenye asili ya Ubelgiji. Mialo ikajengewa sakafu na maji safi. Vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo vikaundwa, na mwenye kuuza samaki wa sumu akawa adui wa jirani zake wenyewe, maana kila mtu alikwisha kuona kwamba ujanja wa mmoja huwafungia riziki wote. Sampuli zikaanza kuchukuliwa kwa ratiba, si kwa kungoja msiba. Fauka ya hayo, endosalfani yenyewe iliwekwa mwaka 2011 katika orodha ya sumu za kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm.

Maadamu uvuvi wa ziwa umepungua na ufugaji umeshika kasi, mizani sasa imehamia kwa samaki afugwaye, na maswali yake yamebadilika. Samaki wa ziwani huulizwa alikutana na nini. Samaki wa bwawani na wa kizimbani huulizwa alipewa nini. Asia ilifundisha somo hili kwa gharama kubwa. Rangi ya kijani iitwayo malakaiti, iliyokuwa ya kutilia hariri na ngozi, ilitumiwa tangu miaka ya 1930 kuua ukungu wa samaki na mayai yao, hata ilipofahamika kwamba hubaki mwilini kwa muda mrefu na kwamba yashukiwa kuleta saratani. Kloramfenikoli, dawa iliyopatikana mwaka 1947 na kuokoa roho nyingi za wagonjwa, hukataliwa kabisa katika chakula kwa sababu kwa watu wachache huua uwezo wa mifupa kutengeneza damu, wala hapajulikani kiasi kidogo kilicho salama. Nayo ilipokutwa katika kamba wa kufugwa, Umoja wa Ulaya uliyafungia mazao ya wanyama ya Uchina mwezi wa Januari 2002. Mwaka 2007 Marekani nayo ikaagiza kwamba kambare, kamba, mikunga na samaki wengine wa kufugwa wa Uchina wazuiwe bandarini hadi mwenye mali athibitishe usafi wao. Wala nchi tajiri hazikusalimika: mwaka 2004 Ronald Hites na wenzake walipima samoni wapatao 700 wa pande nyingi za dunia, wakakuta kwamba wale wa kufugwa, hasa wa Ulaya kaskazini, walikuwa na sumu za viwandani zaidi ya wale wa porini, kwa sababu ya mafuta ya samaki yaliyotiwa katika chakula chao.

Kanuni ya Ulaya ya mwaka 1996 ilitaka sampuli moja kwa kila tani 100 za samaki wafugwao kwa mwaka, theluthi moja zipimwe kwa vitu vilivyoharamishwa kabisa, na theluthi mbili kwa dawa zinazoruhusiwa kwa kiasi na kwa uchafu wa mazingira. Mfugaji wa sato katika vizimba vya Mwanza, Homa Bay au Jinja anapaswa kuifahamu hesabu ya jinsi hiyo hata kama hajakusudia kuuza nje, kwa kuwa yamgusa tangu kifaranga. Madume ya sato hukua upesi kuliko majike, hivyo watotoleshaji wengi duniani huwalisha vifaranga homoni ya kiume kwa wiki tatu au nne za mwanzo ili wote wawe madume. Na samaki akiisha kukaa miezi sita au zaidi bila ya homoni hiyo hubaki na kiasi kisicho na maana. Ila neno hilo ni kweli kwa mfugaji aliyefuata muda na kipimo, na neno la mfugaji kwa mlaji asiyemjua halina nguvu mpaka lisimame juu ya kipimo.

Sasa na tumtazame mlaji wa nyumbani. Sangara anapoingia kiwandani huondolewa minofu, na minofu hukatwa mafuta yake ya pembeni ipate kupendeza. Kichwa, mifupa na mafuta hutoka kwa mlango wa nyuma. Hayo ndiyo mapanki ya Mwanza na mgongo wazi wa Kisumu, yanayokaangwa na kuuzwa kwa wale ambao mnofu umekwisha kuwapita bei. Hati ya maabara huandamana na mnofu hadi uwanja wa ndege, na kwa dawa zinazokaa katika mafuta, sehemu iliyosafiri ndiyo yenye mafuta machache, na iliyobaki ndiyo yenye mengi. Tena kiwango chenyewe cha sheria kimepigiwa hesabu ya mtu alaye samaki kwa nadra. Zebaki ya samaki, kwa wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani walioketi mwaka 2003, isizidi mikrogramu 1.6 kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mlaji. Basi mtu wa kilo 60 ana mikrogramu 96, na samaki aliye na miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachoruhusiwa kwa samaki walio wengi, atamfikisha hapo kwa gramu zisizotimia 200. Kwa mtu wa Brussels gramu hizo huweza kuwa mlo wa wiki nzima. Kwa mtu wa kisiwa cha Ukara, humo ziwani, ni mlo wa mchana mmoja. Ni bahati njema kwamba samaki wengi wa ziwa waliopimwa wamekutwa chini ya kiwango hicho, ijapokuwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na kwingineko hutumia zebaki karibu na maji yaelekeayo ziwani, na sangara wakubwa hubeba zaidi ya wadogo. Lakini bahati njema si ulinzi, na wavuvi wa Minamata walikuwa nayo miaka mingi kabla haijawatoka.

Kwa hiyo mtu akiuliza historia hii imetuachia nini, jibu la haki ni kwamba imetuachia chombo chema kilichoelekezwa upande mmoja. Tulijifunza kupima kwa sababu mnunuzi wa mbali alitulazimisha, na tukampimia yeye. Utaratibu, wakaguzi, mitambo na wapimaji waliofundishwa wamo nchini mwetu, wanalipwa na biashara yetu, na mashaka ya mwaka 1999 yasingepaswa kurudi. Kinachobaki si ujuzi bali uamuzi wa kiserikali: kwamba sampuli za ratiba zichukuliwe pia kwa mchuuzi wa dagaa na sato pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa mkaanga mapanki, na kwa mwenye kizimba auzaye kijijini, na kwamba viwango vya mlaji wetu vipigiwe hesabu ya sahani yake, si ya sahani ya Ulaya. Gharama yake si ndogo, na watakuwapo watakaosema kwamba nchi zenye maradhi na njaa haziwezi kujishughulisha na sehemu moja katika milioni. Lakini nchi hizo hizo zimeweza kufanya hivyo kwa ajili ya wageni kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna hoja itakayosimama mbele ya jambo hilo.